Pua au Mkia

Mwishoni mwa mwaka 1959 Chevrolet walileta sokoni nchini Marekani gari dogo lililoitwa Corvair. Injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa hewa, jambo geni kwa kampuni kubwa ya Detroit. Hata hivyo, gari hilo linakumbukwa zaidi kwa kitu ambacho halikuwa nacho: chuma cha stabilaiza kwenye magurudumu ya mbele. Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, aliandika katika kitabu chake Unsafe at Any Speed kwamba chuma hicho kiliachwa ili kubana gharama, na kwamba uamuzi wa namna hiyo uligharimu maisha ya watu.

Stabilaiza ni nondo iliyokunjwa mfano wa herufi U, inayolala kwa mapana chini ya gari na kuunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Mvumbuzi wa Kanada, Stephen Coleman, alipewa hataza ya kifaa cha aina hii mwaka 1919. Gari likipanda tuta na magurudumu yote mawili yakainuka pamoja, nondo huzunguka tu bila kufanya kazi. Gari likiingia kona na kulalia upande mmoja, gurudumu moja hupanda na jingine hushuka. Hapo nondo hujisokota, na kujisokota kwake ndiko kunakozuia gari lisilale sana.

Wengi huishia hapo wanapoieleza, lakini ina kazi ya pili iliyo nzito zaidi. Nondo inapozuia gari kulala, huongeza mzigo juu ya tairi la nje na kuupunguza juu ya tairi la ndani. Tairi lililoongezewa mzigo hushika barabara zaidi, ila si kwa kipimo kile kile: mzigo ukiongezeka mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili. Kwa hiyo magurudumu yaliyofungwa nondo ngumu hupoteza kidogo katika hesabu hiyo, na ndiyo yanayotangulia kuteleza. Ukiifunga mbele, pua ya gari itatangulia kukimbilia nje ya kona. Ukiifunga nyuma, mkia utatangulia kutoka.

Miaka ya 1930 wahandisi wa General Motors walikuwa tayari wanazichunguza tabia hizi mbili. Miongoni mwao alikuwa Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce. Kuanzia hapo tasnia nzima ikaegemea upande mmoja: bora pua. Sababu yake imo ndani ya mwili wa dereva. Mtu akishtuka katikati ya kona, huondoa mguu kwenye mafuta na kukata usukani zaidi. Kwa gari linalopoteza pua, mshtuko huo husaidia kidogo, maana mwendo hupungua na uzito husogea mbele, pale unapohitajika. Kwa gari linalopoteza mkia, kuondoa mguu ghafla huzidisha balaa. Anayetaka kuliokoa lazima azungushe usukani kinyume na atulie, na utulivu ndio kitu asicho nacho mtu aliyeshtuka.

Corvair ilikuwa nzito nyuma, na magurudumu yake ya nyuma yalining'inia kwenye shafti zilizobembea, hivyo kwenye kona kali gurudumu liliweza kujikunja kuelekea chini ya gari. Badala ya nondo ya mbele, kampuni ilitegemea upepo wa matairi: presha ya 15 mbele na 26 nyuma. Matairi malegevu ya mbele yangetangulia kuteleza, na mkia ungebaki salama. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, ila ilimtegemea kijana wa kituo cha mafuta ajue kwamba gari hili halijazwi upepo kama mengine. Toleo la mwaka 1964 lilifungwa nondo mbele, na la 1965 likapewa mfumo mpya kabisa wa nyuma. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilichapisha matokeo ya uchunguzi wake, ikasema Corvair za mwanzo hazikuwa mbaya kuliko magari mengine ya wakati wake. Mabishano hayajaisha. Lililo wazi ni kwamba wanunuzi wengi hawakujua kuwa kona zao zilikuwa zimeshachaguliwa mezani.

Ujerumani, historia ilipinduka. Mwaka 1974 Volkswagen walizindua Golf, yenye injini mbele na magurudumu ya mbele yanayovuta. Kundi dogo la wahandisi, likichochewa na pendekezo la Alfons Löwenberg la mwaka 1973, lilikuwa likitengeneza toleo lake la kasi kimyakimya. Golf GTI ilioneshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa 1976, ikiwa na nguvu za farasi 110. Mpango ulikuwa kuunda magari 5,000, lakini toleo hilo la kwanza pekee liliishia kuuzwa kwa mamia ya maelfu. Hivyo hachibeki ya kasi ikawa gari la vijana wa Ulaya.

Gari la aina hii lina tatizo lililo kinyume na la Corvair. Uzito uko mbele, na magurudumu ya mbele hukata kona na kuvuta kwa pamoja. Pua huchoka mapema. Dawa ni kupunguza mshiko wa nyuma kidogo, ili gari ligeuke kwa mwili wake wote. Ndiyo maana picha za Golf GTI kwenye kona kali huonesha gurudumu la nyuma la ndani likining'inia hewani kama mguu wa mbwa kwenye nguzo. Peugeot 205 GTI ya mwaka 1984 ilijulikana kwa kwenda mbali zaidi: ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia ulikuja kukusalimia. Madereva hodari waliipenda kwa hilo, na wengine wakaishia mtaroni.

Watengenezaji walipoziongezea hachibeki zao tahadhari, wamiliki walichukua spana. Kufunga stabilaiza nene nyuma ni kazi ya mchana mmoja. Gari linainuliwa na kuwekwa kwenye stendi, bushi zinapakwa grisi, nondo inashikwa kwa vibano na kuunganishwa na mikono ya magurudumu, kisha boliti zinakazwa kwa kipimo. Fundi asiyejua huona tofauti ndogo tu: milimita 19 dhidi ya 22. Lakini ugumu wa nondo kujisokota hukua kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara nne, hivyo milimita hizo tatu ni karibu asilimia 80 ya ugumu wa ziada. Nyingine zina matundu mawili au matatu kila mwisho. Ukifunga kwenye tundu linalofupisha mkono, nondo inakuwa ngumu zaidi. Kona mpya inachaguliwa kwa kuhamisha boliti moja.

Sioni kosa katika uchaguzi huo wenyewe. Mmiliki anayejua anachofanya amerudisha mikononi mwake uamuzi ambao kiwanda kilimfanyia bila kumuuliza. Lakini kiwanda nacho kina hoja yake. Audi TT, iliyotoka 1998, ilisifiwa kwa kona zake, kisha ikaua watu kwenye barabara za mwendo kasi za Ujerumani. Magari yakaitwa yarudi, mfumo wa chini ukarekebishwa, yakafungwa bawa la nyuma na mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti mtelezo. Tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo huo. Sasa kompyuta hushika breki ya gurudumu moja kabla dereva hajamaliza kushtuka.

Hachibeki za zamani hazina kompyuta hiyo, na zinaendelea kuuzwa kutoka mkono hadi mkono. Mnunuzi wa tatu hukagua rangi, injini na maili, na ni nadra alale chini kupima unene wa nondo. Jioni moja ya mvua ataingia kona aliyochaguliwa na mtu asiyemjua, ataondoa mguu kwenye mafuta kama mwili wake unavyomwambia, na mkia utatoka. Mwaka 1960 aliyenyamaza alikuwa kampuni. Mwenye spana anayeuza gari bila kusema kitu amekaa kwenye kiti kile kile.