Pointi Mia za Hershey na Wenye Kuzikanusha

Katika zama hizi ambapo jambo lisilopigwa picha za sinema huhesabiwa kuwa halikutokea, imezuka kauli, aghalabu vinywani mwa vijana ambao mwaka ule hata baba zao walikuwa hawajazaliwa, ya kwamba pointi 100 alizofunga Wilt Chamberlain katika mchezo mmoja wa mpira wa kikapu usiku wa tarehe 2 Machi 1962 ni uzushi mtupu, kwa kuwa hapana filamu ya mchezo wenyewe. Kauli hiyo haistahiki wino mwingi. Daftari ya mchezo ipo, watazamaji 4,124 walihesabiwa, waandishi wa magazeti walikuwapo. Na fauka ya hayo ipo sauti ya mtangazaji Bill Campbell katika robo ya nne, iliyonaswa na mwanafunzi mmoja redio iliporudia matangazo, ukanda ambao baada ya kukaa miaka mingi mikononi mwa mtu binafsi sasa umetiwa katika hazina ya sauti za taifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Asili ya Chamberlain inajulikana: mzaliwa wa Philadelphia, 1936, kimo chake mita 2.16, alisoma shule ya sekondari ya Overbrook, akachezea Chuo Kikuu cha Kansas, akazunguka mwaka mmoja na timu ya maonyesho ya Harlem Globetrotters, na mwaka 1959 akaingia timu ya Warriors ya mji wake.

Shutuma iliyo na uzito ni nyingine, nayo ni ile isemayo kwamba mchezo ulifanyika kweli lakini uligeuzwa mzaha. Mahali penyewe palikuwa Hershey, mji wa Pennsylvania uliosimama kwa mali ya chokoleti, ambako Warriors walikwenda mara chache kutafuta mashabiki wapya. Wapinzani walikuwa Knicks wa New York, ambao mchezaji wao wa kati, Phil Jordon, hakushuka uwanjani, na Darrall Imhoff aliyeshika nafasi yake alicheza dakika 20 tu kabla ya kutolewa kwa wingi wa faulo. Chamberlain alifunga 23 katika robo ya kwanza, 18 katika ya pili, 28 katika ya tatu. Knicks walipotanabahi kinachowajia, waliukawiza mpira makusudi na kuwafanyia faulo Warriors wengine ili yeye asiupate, na Warriors nao wakawafanyia Knicks faulo ili saa isimame na mpira urejee kwao. Haukuwa mpira wa kupendeza, nakiri; lakini mwenye kutaka kuhukumu kwa insafu hana budi kuuliza kwanza ni upande upi ulioacha kucheza ili kumzuia mtu mmoja, na mtu huyo, pamoja na hila zote hizo, akafunga 31 katika robo ya nne, pointi ya mia ikiingia zikiwa zimesalia sekunde 46. Na hao wasemao kuwa alipewa bure, watafanyaje na mitupo ya adhabu, ambayo hapana mtu awezaye kumtupia mwenziwe? Chamberlain, ambaye maishani mwake alitia takriban nusu tu ya mitupo hiyo, usiku ule alitia 28 katika 32, akiirusha kutoka chini kwa mikono miwili, mtindo aliouacha baadaye kwa kuona haya.

Picha mashuhuri ya usiku ule nayo ilipatikana kwa bahati. Paul Vathis, mpiga picha wa Associated Press, alikuwa amekwenda na mwanawe kutazama tu. Alipoona mambo yanakuwa makubwa akatoka kuifuata kamera garini, na katika chumba cha kubadilishia nguo Harvey Pollack, mtunza hisabu wa timu, akachukua karatasi, akaandika 100, akampa Chamberlain aishike.

Wapo pia wasemao kwamba timu za siku zile zilikimbia na kurusha mpira mara nyingi kuliko za baadaye, hata nafasi za kufunga zikawa tele. Hoja hii ni ya haki na nimeipima kwa muda mrefu. Lakini kasi ile ile iliwatumikia wote: msimu wa 1961-62 Chamberlain alipata pointi 4,029 katika michezo 80, wastani wa 50.4, ilhali aliyemfuata, Walt Bellamy wa Chicago, alipata 31.6. Kati ya dakika 3,890 za timu yake alikosa 8 tu. Ama wale wanaodai kwamba alicheza na mbilikimo, na warudishe macho kwa huyo huyo Bellamy wa mita 2.11.

Tuzo ya mchezaji bora wa msimu ule wachezaji wenyewe walimpa Bill Russell wa Boston, na sina ugomvi nao, maana Boston ndiyo iliyotwaa ubingwa. Sheria nayo iliguswa kwa ajili ya watu kama yeye: mwaka 1964 eneo la chini ya kikapu lilipanuliwa kutoka futi 12 hadi 16 ili warefu wasipige kambi humo. Chamberlain alistaafu mwaka 1973 akiwa na pointi 31,419, jumla iliyokuja kupitwa na Kareem Abdul-Jabbar mwezi Aprili 1984. Lakini wastani wa 50.4 hata Michael Jordan, katika msimu wake mkubwa wa 1986-87, hakuukaribia, kwani yeye alikomea 37.1.