Daftari la Majina

Katika ualimu, chombo kinachodharauliwa kuliko vyote ni daftari la mahudhurio. Lakini mtoto ambaye jina lake halimo humo, hata akikaa darasani mwaka mzima, kwa wakaguzi hayupo. Nimelifikiria sana jambo hili uzeeni, nilipoanza kusoma jinsi intaneti inavyotunza majina yake.

Kompyuta hujuana kwa namba. Majina ni kwa ajili yetu binadamu, tusioweza kukariri namba ndefu. Kwa hiyo ilibidi pawe na daftari la kusema jina hili lina namba ile. Katika miaka ya 1970, ARPANET, mtandao wa Marekani uliokuja kuzaa intaneti, ulikuwa na daftari moja tu. Lilitunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI, huko Menlo Park, California, na ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Mwenye kompyuta mpya alipeleka habari kwao, na vituo vingine vilinakili daftari zima upya. Mtandao ulipokuwa mdogo, utaratibu huo ulitosha. Ulipokua, daftari likawa refu, na nakala zikawa zinapitwa na wakati upesi.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris, wa Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa mpango mpya aliokuwa ameombwa na Jon Postel. Kwa kifupi huitwa DNS. Mockapetris hakulikuza daftari, bali aliligawa. Kila taasisi ilipewa ukurasa wake, yaani kikoa, iutunze yenyewe. Daftari la juu halijui majina yote. Linajua tu ni nani anayetunza kurasa zipi. Kwa utaratibu huo Kenya ilikabidhiwa herufi zake, ke, mwaka 1993, na Tanzania tz mwaka 1995.

Katika ukurasa wa kikoa kila mstari una kazi yake. Mstari wa A hutaja namba ya seva yenye tovuti. Mstari wa MX, uliowekewa utaratibu mwaka 1986, hutaja seva inayopokea barua pepe. Mistari ya NS hutaja seva zinazotunza ukurasa wenyewe. Hivyo jina moja laweza kuwa na tovuti mahali pamoja na sanduku la barua mahali pengine kabisa, wala mwandikaji barua asitambue.

Lakini hapo hapo pana mtego. Miaka michache iliyopita chama chetu cha walimu wastaafu kilihamishia tovuti yake kwenye kampuni nyingine. Fundi wa kampuni hiyo alibadili mistari ya NS, ukurasa wote ukawa mikononi mwake. Akaandika mstari wa A, lakini ule wa MX hakuunakili. Tovuti ilifunguka vizuri, tukaisifu. Barua pepe zikaacha kuingia. Mjane wa mwenzetu alikuwa akituletea hati za mirathi ili katibu amsaidie, nazo zikamrudia mara mbili. Akaja mwenyewe, akasema, "Mwalimu, kama mmenichoka mngeniambia tu." Tulimweleza habari za seva, akaitikia kwa adabu. Sidhani kama alituamini.

Tangu hapo tumeweka masharti. Kabla ya kuhama, kila mstari wa ukurasa huchapwa na kutiwa jaladani. Kompyuta za watu hukumbuka jibu la zamani kwa muda ambao mwenye ukurasa ameuandika; basi muda huo tunaupunguza mapema, ili mabadiliko yaonekane upesi. Baada ya kuhama, mstari hulinganishwa na mstari. Kikoa kimeandikishwa kwa jina la chama, si la fundi. Nywila iko kwa viongozi wawili, na tarehe ya kulipia husomwa katika mkutano mkuu.

Mockapetris alipoligawa daftari, aligawa na jukumu la kulitunza. Hakuna ofisi ya Menlo Park itakayotuandikia tena. Kwa hiyo wewe msomaji, ukiwa katibu wa chama, wa shule au wa nyumba ya ibada, uliza wiki hii: ukurasa wetu uko kwa nani, na nakala yake iko wapi?