Mtumbwi wa Papi za Mwerezi

Ufundi ukaao mkononi tu huzikwa pamoja na fundi. Historia ya mtumbwi wa papi yatuonyesha njia nyingine.

Wenyeji wa asili wa Kanada, kama vile Waanishinaabe, waliunda mitumbwi myepesi kwa gome la mti uitwao betula, na mataruma ya mwerezi. Katika karne ya 19 mafundi wa Peterborough, Ontario, wakifuata mfano wa mitumbwi ya wenyeji, walianza kuunda ya mbao nyembamba juu ya kalibu. Lakini kazi hiyo ilihitaji karakana na fundi stadi.

Baada ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia nyuzi za kioo zilibadili mambo. Papi zenye unene wa milimita 6 hivi hugundishwa ubavu kwa ubavu juu ya kalibu, kisha hufunikwa kwa kitambaa cha nyuzi hizo, ndani na nje. Mataruma hayahitajiki tena. Mwaka 1983 Ted Moores na Merilyn Mohr walitoa kitabu *Canoecraft*, kimwongozacho mwanagenzi aunde mtumbwi nyumbani kwake.

Walimu wenzangu, kalibu huhifadhi umbo, kitabu huhifadhi maarifa. Mafundi wetu wa mitumbwi wangalipo. Tuwaendee, tuyaandike maneno ya kazi yao kabla hayajazama.