Uzazi wa mpango Kanda ya Ziwa: kauli za juu, uamuzi wa kijana

Julai 2019, akiwa nyumbani Chato, kando ya Ziwa Victoria, Rais John Magufuli aliwahimiza wanawake wazae bila kujizuia. Watu wengi ndio uchumi mkubwa, alisema, akiitolea mfano China. Oktoba 2022, katika mkoa huohuo wa Geita, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba wananchi wapunguze kasi ya kuzaa, maana kila mtoto atadai darasa na matibabu. Binti aliyekuwa na miaka 17 mara ya kwanza alikuwa na 20 mara ya pili. Amsikilize nani?

Huduma ya uzazi wa mpango ilianza mwaka 1959 jijini Dar es Salaam, kupitia chama cha hiari kilichokuja kuitwa UMATI. Mwaka 1974 Serikali iliiingiza katika kliniki za mama na mtoto. Hapo ndipo kijana aliposahaulika: binti ambaye hajazaa angepangaje foleni katikati ya wajawazito, mama mkwe wa jirani akimtazama? Mpango wa taifa ulikuja mwaka 1989, na mwongozo wa 1994 ukatamka kwamba umri na ndoa visiwe kizuizi.

Mwanza iliujaribu msimamo huo kwa vitendo. Kuanzia 1999, mradi wa MEMA kwa Vijana ulipeleka elimu ya uzazi katika shule za msingi vijijini na kuwafunza wahudumu wa zahanati kuwapokea vijana. Uelewa ulipanda, lakini mimba hazikupungua. Kwangu hilo ni fundisho zito: somo la darasani halimpi binti sauti mbele ya mwanamume anayemhonga samaki na nauli.

Kisha Septemba 2018, baada ya kauli ya Rais Magufuli ya kupinga uzazi wa mpango huko Meatu, Wizara ya Afya ilisimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni. Hakuna sheria iliyobadilika. Vidonge, sindano, vijiti na vitanzi viliendelea kuwa halali. Hata hivyo, muuguzi anayemsikia mkuu wa nchi akiipinga kazi yake ana kila sababu ya kupunguza maneno, na ushauri nasaha ni maneno.

Matumizi nayo hayakupanda. Mwaka 2015/16, wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa nchini walikuwa asilimia 32. Mwaka 2022 walikuwa 31.

Wizara na ibandike haki ya kijana ya kuhudumiwa bila kujali umri wala ndoa kwenye ukuta wa kila zahanati, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, ili aisome mwenyewe kabla hajaitwa ndani.