Usonji: Damu ya mtoto yaeleza nini kuhusu kinga ya mwili?

MZAZI wa Likoni, Kisauni au Changamwe anapoona mwanawe wa miaka mitatu hasemi, hageuki anapoitwa jina wala hachezi na wenzake, hutamani kipimo kimoja kitakachomwondolea shaka. Kwa malaria kipimo hicho kipo, kwani tone la damu latosha. Kwa usonji, ambao pia huitwa tawahudi, hakipo, ijapokuwa wanasayansi wamekuwa wakiichunguza damu ya watoto hawa kwa zaidi ya miaka 20.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, mahusiano na tabia. Daktari Leo Kanner aliieleza nchini Marekani mwaka 1943, na hadi leo hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kumhoji mzazi.

Sababu ya kuchunguza damu ni kwamba kinga ya mwili na ubongo huwasiliana. Chembe za kinga hutoa protini ndogo ziitwazo saitokaini, ambazo hupeleka habari kwamba mwili umevamiwa. Ndizo humletea mgonjwa homa, uchovu na kukosa hamu ya chakula.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliripoti kwamba chembe za kinga zilikuwa zimeamka katika ubongo wa marehemu waliokuwa na usonji. Mwaka 2011, kundi la Chuo Kikuu cha California mjini Davis lilipata viwango vya juu vya baadhi ya saitokaini, ikiwemo intalukini-6, katika damu ya watoto wenye usonji. Chuoni humo, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa takriban asilimia 23 ya akina mama wa watoto hao walikuwa na kingamwili zinazoshambulia protini za ubongo wa kijusi, ikilinganishwa na asilimia 1 ya akina mama wengine.

Hata hivyo, matokeo hayo ni ya makundi, si ya mtoto mmoja mmoja. Watoto wengi wenye usonji wana damu isiyotofautika na ya wenzao, na wapo wasio na usonji ambao viwango vyao viko juu. Aidha, haijathibitishwa iwapo mabadiliko hayo ndiyo chanzo cha usonji au ni matokeo yake.

Katika Pwani ya Kenya jambo hilo ni gumu zaidi. Malaria, minyoo, kifua na utapiamlo, yote huvuruga viwango vya saitokaini. Majibu ya maabara yaliyo juu huenda yakaashiria homa ya wiki iliyopita tu.

Uhusiano wa maambukizi na usonji umewahi kuangaliwa katika eneo hili. Mwaka 2006 kulichapishwa ripoti ya watoto 20 nchini Tanzania, ambapo 14 walithibitishwa kuwa na usonji. Watatu kati yao walikuwa wakikua vyema hadi walipougua malaria kali, na dalili zikajitokeza walipopata nafuu. Idadi hiyo ni ndogo mno kutoa uamuzi, lakini inaonyesha kwa nini utafiti wa Ulaya na Marekani pekee hautoshi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi kimeshiriki mradi wa NeuroDev pamoja na wenzao wa Cape Town, ambao umekusanya damu ya watoto ili kuchunguza vinasaba.

Kipo kipimo kingine cha damu ambacho wakazi wa bara la Mombasa wana haki ya kukijua, nacho ni cha madini ya risasi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua mazingira hadi kilipofungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na uwezo wake wa kujifunza. Kipimo hicho hakitambui usonji, lakini hufichua sumu inayoweza kuepukwa.

Kuhusu chanjo, hofu iliyoenezwa mwaka 1998 kwamba chanjo ya surua huleta usonji haina msingi. Jarida la Lancet lilifuta makala hayo mwaka 2010, na utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliohusisha watoto 657,461 haukupata uhusiano wowote. Kumnyima mtoto chanjo ni kumwacha wazi kwa surua bila kumkinga na usonji.

Kwa sasa, hakuna kipimo cha saitokaini kinachoweza kuthibitisha usonji, wala dawa ya "kusafisha damu" au "kurekebisha kinga" iliyothibitishwa kuutibu. Mzazi mwenye shaka anashauriwa aanze kwa kupimisha masikio ya mtoto, kwani asiyesikia vyema pia hachelewi kudhaniwa ana usonji. Kisha amfikishe kwa daktari wa watoto na katika kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Mafunzo ya lugha na ya stadi za maisha, yakianza mapema, humfaa mtoto zaidi kuliko fedha zinazoishia maabara.