Kimbunga kisicho na upepo: hospitali zetu na historia ya giza

Kutoka Kizota, Dodoma, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 450 za lami. Ndiyo maana mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilipokuwa ikitoa tahadhari moja baada ya nyingine kuhusu Kimbunga Hidaya, huku kwetu habari ile ilisikilizwa kama mechi ya timu za wenzetu. Mvuvi wa Mafia alikuwa na kila sababu ya kupandisha mtumbwi wake nchi kavu. Kando ya barabara ya Singida watu waliendelea kupanga nyanya na kuchaji simu. Upepo tunaoujua sisi ni ule wa kiangazi, unaobeba vumbi jekundu, ukayumbisha nyaya za umeme na kumtia mtu mchanga machoni.

Hata pwani kwenyewe, orodha ya vimbunga vinavyokumbukwa si ndefu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, Sultani Barghash akiwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Miaka 80 baadaye, tarehe ileile, kingine kikaingia Lindi. Aprili 2019 Kenneth kiliitishia Mtwara, watu wakahamishwa na shule zikafungwa, kisha kikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Hidaya kikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kikiwa kimeshapungua nguvu.

Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi hospitali zetu zilivyozoea kufanya kazi gizani, asianzie kwenye vimbunga. Dhoruba ndefu zilizowahi kuzikumba hazikuwa na upepo hata kidogo.

Tuanze na ya Unguja, ya tarehe 21 Mei 2008. Tangu mwaka 1980 kisiwa kilikuwa kinapata umeme wake kutoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari, kati ya Ras Kiromoni na Ras Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Siku hiyo hitilafu ilitokea upande wa Fumba, pale waya unapoingia nchi kavu, na Unguja yote ikazimika. Watu walidhani ni jambo la saa chache. Mafundi na vipuri vilisubiriwa kutoka Ulaya, na umeme haukurudi mpaka tarehe 18 Juni, wiki nne kamili.

Habari za giza lile zilipoandikwa, nyingi zilihusu hoteli zilizokosa wageni, samaki waliooza sokoni Darajani na bei ya mishumaa. Hospitali ilipata mistari michache, jambo ambalo mimi naliona ni kasoro. Mnazi Mmoja, hospitali kuu ya Unguja, ile iliyowahi kuitwa V. I. Lenin baada ya Mapinduzi, haikuwa na hiari ya kufunga milango kama hoteli. Mama mwenye uchungu haambiwi arudi umeme ukirudi.

Ilikuwapo jenereta. Lakini jenereta ya akiba ya hospitali hununuliwa kwa hesabu ya saa, wala aliyeinunua hakuwaza wiki. Kwanza umeme unapokatika hupita sekunde kumi au zaidi kabla haijashika, na sekunde hizo katika chumba cha upasuaji ni ndefu: daktari anasimama mikono imeinuliwa, mtu wa usingizi anashika mfuko wa kupulizia hewa, muuguzi anawasha tochi ya simu. Kisha injini inanguruma na taa zinarudi. Hayo ni ya siku ya kwanza. Injini ya dizeli ya aina hii huhitaji kubadilishiwa oili kila baada ya saa 250 hivi. Ikiwashwa usiku na mchana, saa hizo zinatimia ndani ya siku kumi na moja. Maana yake katika wiki nne lazima izimwe walau mara mbili kwa ajili ya oili na chujio tu, bado haijaharibika kitu. Kama hakuna ya pili ya kuipokea, fundi anafanya kazi huku wodi nzima inamsubiri.

Kisha linakuja suala la nani apewe umeme. Hospitali inayoishi kwa dizeli hupanga foleni ya vyumba. Chumba cha upasuaji huwa cha kwanza, halafu wodi ya wazazi, benki ya damu, na friji ya chanjo, ambayo inatakiwa ibaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Maabara hupewa saa zake. Mashine ya kufulia shuka husubiri, na shuka zisipofuliwa huo nao ni ugonjwa. Eksirei husubiri, isipokuwa aletwe majeruhi. Feni za wodini huzimwa, katika joto la Unguja.

Maji nayo yalikatika. Hili watu wa bara wengi hawalijui. Maji ya mji wa Unguja yanategemea pampu, na pampu zinakula umeme. Ndani ya siku chache bomba zilikauka, na wanawake na watoto wakawa wanazunguka na madumu kutafuta visima. Daktari wa upasuaji huanza kazi yake kwenye sinki, na sinki kavu humrudisha nyuma hata kama taa inawaka.

Aliyekwenda kuangalia madaftari ya kizazi baadaye alikuwa mchumi, Alfredo Burlando wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Alilinganisha uzito wa watoto waliozaliwa kabla na baada ya giza lile, akakuta kwamba waliokuwa tumboni wakati umeme umekatika walizaliwa wepesi zaidi, kwa wastani wa gramu 75. Maelezo yake ni ya mfukoni kuliko ya kitabibu: mwenye cherehani ya umeme, kinyozi, muuza barafu, wote walikosa kipato kwa mwezi mzima, na mama mjamzito akapunguza chakula. Gramu 75 kwa mtoto wa kilo tatu na nusu si kitu. Kwa mtoto ambaye tayari yuko kwenye ukingo wa kilo mbili na nusu, ndizo zinazomwingiza katika kundi la watoto njiti na wadogo, kundi linalohitaji joto na oksijeni, yaani umeme.

Mtafiti huyohuyo aligundua pia kwamba miezi minane hadi kumi baada ya giza, vizazi viliongezeka. Vijiji vilivyokuwa na umeme ndivyo vilivyoonyesha ongezeko hilo. Visivyo nao havikubadilika. Msomaji ana akili yake, sina haja ya kueleza. Ila wakunga ndio walioipokea hesabu ile.

Kisha, kana kwamba somo halikueleweka, tarehe 10 Desemba 2009 Unguja ikazimika tena. Safari hii giza lilidumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Kwa hesabu ya oili niliyoitaja, jenereta inayofanya kazi mfululizo kwa muda huo inapita saa 2,000, na hiyo ni injini iliyonunuliwa kwa dharura tu. Dawa ya kudumu ilikuja Aprili 2013, ulipozinduliwa waya mpya wa megawati 100 kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC). Kutoka mwaka 1980 mpaka hapo, miaka 33, kisiwa chenye hospitali ya rufaa kilining'inia kwenye waya mmoja.

Msomaji wa Kizota anaweza kusema hayo ni ya visiwani. Basi turudi nyumbani.

Dhoruba ya uwanda wa kati ni ukame. Bwawa la Mtera, kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, lilijengwa ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na baadaye likafungiwa mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Kiwango chake cha mwisho cha kuzalishia umeme ni mita 690 juu ya usawa wa bahari. Mvua zilipogoma, mwaka 2006 maji yalishuka chini ya hapo, na nchi ikaingia kwenye mgao ambao waliokuwa watu wazima wakati ule hawajausahau. Nchi ilikuwa imeshaonja mgao mwaka 1992, na ikauonja tena 2011. Mgao wa 2006 tunaukumbuka kwa siasa zake, mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond na Waziri Mkuu kujiuzulu Februari 2008. Zahanati zilizokuwa zinazalisha akina mama kwa mwanga wa kandili hazikuundiwa kamati teule.

Na kandili hiyo ina historia ndefu huku. Hospitali ya misheni ya Mvumi, kusini mashariki ya mji wa Dodoma, ndiyo aliyofanyia kazi daktari wa Kiaustralia Paul White kuanzia 1938 hadi 1941, kabla hajarudi kwao na kuandika vitabu vilivyosomwa na watoto duniani kote. Siku zile gridi ya taifa haikuwapo hata kwenye ndoto. Asiyekuwa na umeme hakatikiwi, na mpango wake wa kazi unalijua giza tangu mwanzo: upasuaji unapangwa asubuhi, chombo kinachemshwa kwa moto, taa ya mafuta inajazwa kabla jua halijazama. Hospitali ya kisasa ni dhaifu zaidi kwa maana hii, kwa kuwa imekabidhi kila kitu kwa soketi.

Mfano upo Dodoma hapahapa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, inapandikiza figo tangu 2018. Ni jambo la kujivunia, maana zamani mgonjwa wa figo wa Kanda ya Kati alisafiri mpaka Muhimbili au India. Lakini tazama kinachomweka hai anayesubiri figo: mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, kwa zaidi ya lita 100 za maji safi kila anapolazwa kwenye kiti kile. Umeme ukikatika, betri ya mashine hubaki na dakika chache. Ikizimika kabisa, muuguzi huchomoa mkono mdogo wa kuzungushia pampu na kuirudisha damu mwilini kwa nguvu za kiwiko chake. Kila mashine ina mkono huo.

Walio na fedha kutuzidi hawakusalimika. Usiku wa 29 Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoingiza bahari New York, hospitali ya NYU Langone ililazimika kuhamisha wagonjwa zaidi ya 300. Watoto wachanga wa uangalizi maalumu walishushwa kwa ngazi mikononi mwa wauguzi waliokuwa wakiwapulizia hewa kwa mkono. Bellevue, jirani yake, ilikuwa na majenereta ghorofa ya 13, salama kabisa. Pampu ya kupeleka mafuta juu ndiyo ilikuwa chini, kwenye maji. Watumishi wakajipanga kwenye ngazi na kupandisha dizeli kwa kupokezana vyombo. Karibu na sisi, Machi 2019, kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, na kuezua sehemu ya hospitali kuu ya mji huo, vyumba vya upasuaji vikiharibika wakati ambapo majeruhi walikuwa ndio wanaanza kuletwa.

Hidaya chenyewe kilituachia somo la namna nyingine. Mvua zilizoandamana nacho zilikata barabara ya Kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na Lindi na Mtwara zikatenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Tangi la dizeli la hospitali hujazwa na lori, na lori hupita barabarani. Anayepanga akiba ya mafuta kwa kuhesabu kukatika kwa umeme peke yake amesahau daraja.

Sasa umeme upo mwingi kuliko wakati wowote. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, uliwashwa Februari 2024, na miezi miwili baadaye TANESCO ilisema umeme umezidi mahitaji kiasi cha kuzima baadhi ya mitambo ya maji. Aprili hiyohiyo, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ya gridi ilizima sehemu kubwa ya nchi. Wingi na uhakika ni vitu viwili. Makao makuu ya nchi yanalishwa na kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, pembeni mwa mji wetu, na kikipata hitilafu kubwa, wizara, ukumbi mkubwa wa Kizota, mashine za kusaga na vyumba vya wagonjwa mahututi vitalala gizani pamoja.

Nguvu ya jua imeanza kusaidia vituo vidogo: sola na betri vinaweza kubeba taa za chumba cha kuzalishia, simu na friji ya chanjo bila tone la dizeli. Na ipo njia isiyohitaji hata sola. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, Dkt. Edgar Rey Sanabria, aliyekuwa na upungufu wa mashine za joto, alianza kuwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo njia hiyo ya kangaruu inatumika katika hospitali zetu, na kukatika kwa umeme hakuigusi. Mtambo wa oksijeni hauna mbadala wa namna hiyo zaidi ya mitungi iliyojazwa mapema.

Bajeti za halmashauri hupitishwa kila mwaka, na jenereta huonekana ndani yake kwa jina la ununuzi. Dizeli, oili na mshahara wa fundi huonekana mara chache. Ukikutana na diwani wako, iwe Kizota au kwingine, usimuulize kama kituo cha afya kina jenereta. Muulize tangi lina lita ngapi leo, litadumu siku ngapi, mara ya mwisho iliwashwa lini kwa majaribio, na ufunguo wa banda lake anao nani saa nane za usiku. Akishindwa kujibu, mpe mwezi mmoja, kisha muulize tena mbele ya mkutano wa mtaa.