Maji, risasi na Darwin: imani inamsaidia binadamu kuishi?

Kila mara tukigusa habari ya dini na mageuzi ya viumbe, mazungumzo yanaishia kwa Adamu na nyani. Leo tuache hiyo. Kuko swali lingine, na kwa mawazo yangu ndilo gumu zaidi: kama imani inakula wakati wa mtu, mali yake, na mara zingine uhai wake, juu ya nini haikuisha? Kwa kanuni ya Darwin, tabia inayomletea kiumbe hasara ingepashwa kupungua kizazi kwa kizazi. Lakini popote wachunguzi wa historia ya watu walipofika, walikuta watu wanaomba, wanatambika, wanafunga chakula.

Majibu makubwa ni mawili. Pascal Boyer, Mfaransa aliyefanya utafiti kati ya Wafang wa Kameruni, alichapisha mwaka 2001 kitabu Et l'homme créa les dieux. Kwake dini haikuchaguliwa juu ya faida yake. Inatoka katika akili ambayo ilijengwa kwa kazi zingine. Majani yakitikisika porini, ni heri kudhani kuna kitu kinakuja na ukose, kuliko kudhani ni upepo tu na uliwe na chui. Akili ya namna hiyo inaona "mtu" nyuma ya kila jambo, hata nyuma ya radi na ugonjwa. Jibu la pili ni la Mmarekani David Sloan Wilson, katika Darwin's Cathedral (2002): faida iko, lakini tusiitafute kwa mtu mmoja mmoja, tuitafute kwa kundi. Darwin mwenyewe aligusa wazo hili mwaka 1871: kabila lenye watu wengi walio tayari kusaidiana na kujitoa kwa ajili ya wote litashinda makabila mengine.

Bon. Hatuhitaji kwenda mbali ili kupima haya. Mfano mmoja mkali sana uko hapa kwetu: dawa ya kuzuia risasi.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa uchumi, Nathan Nunn na Raúl Sánchez de la Sierra, walichapisha makala fupi juu ya dawa hiyo katika Kivu ya Kusini. Hawakucheka watu, na ndiyo sababu ninaipenda. Wanaanza na jambo ambalo kila mmoja wetu anajua: dawa haizuii risasi. Kwa kijana mmoja, kuiamini ni hatari, maana anasimama mahali ambapo angelala chini ao angekimbia. Lakini fikiria kijiji kizima. Watu wenye silaha wanakuja kunyang'anya, na kila nyumba inakimbia peke yake, kwa sababu mtu anayesimama peke yake anakufa bure. Siku wote wanaamini, hakuna anayekimbia, na wanyang'anyi wanakuta ukuta wa watu. Kijiji kinapona. Majirani wanaona, wanatuma watu kuja kuchukua dawa. Imani ya uongo inaenea kwa sababu vijiji vilivyo nayo vinabaki.

Halafu kuna masharti. Dawa ina miiko: usiibe, usiguse mwanamke, usile kitu fulani. Miiko inafanya kazi mbili. Kwanza inamchunga mpiganaji asigeuke kuwa mnyang'anyi wa watu wake. Pili inailinda dawa yenyewe: mtu akipigwa risasi, si dawa imeshindwa, ni yeye amevunja mwiko. Na marehemu hawezi kujitetea. Che Guevara, aliyekuja upande wa Fizi mwaka 1965 kusaidia waasi, alikuta mambo hayo hayo na aliandika juu yake kwa uchungu.

Sasa turudi mwaka mmoja nyuma. Wasimba, na maji yao ya Mulele, walichukua Uvira mwezi wa tano 1964, Albertville mwezi wa sita, Kindu mwezi wa saba, na mwanzoni mwa mwezi wa nane walikuwa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Wengi wao walikuwa na mikuki na mapanga. Askari wa serikali walikuwa na silaha bora. Juu ya nini walikimbia? Kwa sababu nao waliamini dawa! Hapa ndipo makala ya wale watafiti wawili haifiki vya kutosha. Nguvu ya maji haikuwa tu katika moyo wa Msimba. Ilikuwa pia katika moyo wa adui. Mahali ambapo adui hakuogopa, hesabu iligeuka. Bukavu, katika mwezi ule ule wa nane, askari wa Kanali Léonard Mulamba hawakukimbia, na mji haukuanguka. Tarehe 24 Novemba, makomando wa Ubelgiji walishuka kwa parashuti Stanleyville, na mamluki wakaingia kwa barabara. Hao hawakujua hata mwiko mmoja.

Kwa hiyo imani ile ile, watu wale wale, ndani ya miezi michache: faida, halafu kifo. Anayesoma biolojia hatashangaa. Manyoya mazito ni faida kwenye baridi. Kwenye joto ni mzigo. Anayesema "dini ni faida ya mageuzi" bila kusema mbele ya adui gani na katika wakati gani, hajasema kitu bado.

Na kuna mfano mwingine, ng'ambo ya Tanganyika, mahali ambapo neno la maji lilisikika miaka karibu sitini mbele ya Wasimba. Mwaka 1905, kusini mwa koloni la Wajerumani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa kwa watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu. Kama unatafuta kundi linalounganishwa na imani, hutapata bora kuliko hili: makabila mengi yasiyokuwa na mfalme mmoja, mengine yalikuwa yamepigana kati yao, yakawa upande mmoja. Wilson angefurahi. Lakini tarehe 30 Agosti kwenye boma la Mahenge, maelfu walikwenda mbele ya bunduki za mashine. Kinjikitile alikuwa tayari amenyongwa. Halafu Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua kuliko risasi: wanahistoria wengine wanahesabu wafu wote kufika 250,000 ao zaidi. Sehemu ya inchi ile ilirudi kuwa pori, na baadaye ikaingia katika hifadhi ya Selous. Kwa hesabu kavu ya Darwin, walioongeza kizazi pale ni tembo.

Tena, hata mahali kundi linaposhinda, nani analipa? Anayekufa mstari wa mbele mara nyingi ni kijana ambaye hajaoa. Mwenye dawa anabaki nyuma, ana wake na watoto. Kundi si mtu mmoja. Ndani yake kuna wanaovuna na wanaolimishwa. Wilson ana majibu juu ya hili, lakini mimi hayajanitosha.

Jambo moja la Maji Maji linanivuta zaidi upande wa Boyer. Maji yalishindwa mbele ya macho ya kila mtu. Kama imani ingekuwa chombo tu, waliobaki wangekitupa na kukaa bila chombo. Lakini hawakukaa hivyo. Miaka iliyofuata, Ungoni wengi waliingia misheni, na kusini-mashariki Uislamu ulienea haraka kuliko mbele ya vita.